Mnapoombea biashara zetu, ikumbukeni na lumbesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kuhusu ofisi moja ambayo watumishi wake walifunga dirisha la malipo karibu saa nzima kwa sababu walikuwa kwenye maombi. Alisema sisi Wakristo tumeyafanya maombi kuwa kichaka cha kujifichia kazi. Nimemwelewa vizuri. Mtu ametoka kijijini kwa nauli ya kukopa, amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, halafu anasikia mapambio nyuma ya ukuta. Hata angekuwa mwinjilisti angenung'unika. Kama watumishi wale wanataka kuomba pamoja, saa kumi na mbili asubuhi ipo, na Mungu huwa ameshaamka.

Nilipoachana naye ni pale alipomalizia kwamba dini ibaki kanisani na kazi ibaki kazini. Hapo hapana. Maombi makazini tunayo mengi, ila yanapita juu juu ya kazi yenyewe bila kuigusa, na ningependa kueleza kwa biashara ninayoijua.

Mimi ni mama wa makamo, nafanya biashara ya viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Nanunua Isyonje, Kikondo na vijiji vya juu huko Uporoto, mzigo unapanda lori la Fuso kwenda Dar es Salaam, mara nyingi soko la Mabibo, mara nyingine Temeke Stereo. Ni Mmoravian wa kuzaliwa, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na elimu yangu ni darasa la saba na kipaimara. Kwa hiyo wenye shahada za theolojia wanivumilie.

Kwetu sokoni maombi hayajapungua. Wapo wanaopaka mafuta ya upako kwenye kizingiti cha stoo kila alfajiri. Wapo wenye stika za watumishi wa Mungu mlangoni, wapo wanaonyunyiza chumvi. Siwacheki, mtu mwenye rejesho la mkopo wa kikundi kila wiki atashika chochote kilicho karibu. Lakini nimesimama kwenye maombi hayo, nimeshikana nao mikono, na nimesikia kinachoombwa: wateja waje, bei ipande, lori lisipate ajali kwenye mlima wa Kitonga, maadui wa biashara waaibike. Sijamsikia hata mmoja akiomba, "Bwana, yaangalie magunia yaliyomo humu ndani."

Na magunia hayo ndiyo yenye habari. Kila anayekula chipsi mjini ameshakula lumbesa bila kujua, kwa hiyo nieleze. Gunia linajazwa viazi hadi mdomoni. Pale ambapo lingefungwa, linaongezewa juu kipande cha gunia jingine au wavu, vinashindiliwa viazi tena, kisha linashonwa kwa kamba mpaka linasimama kama mzee aliyevaa kilemba. Hilo bado linaitwa gunia moja, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Siku moja niliomba lumbesa moja ya jirani yangu sokoni tuipandishe kwenye mizani yangu. Ilisoma kilo 140. Vijana wa kupakia wakacheka, wakasema hiyo bado ni ya kistaarabu.

Hesabu yake ni hii. Chukulia bei ya shambani ni shilingi 600 kwa kilo. Mimi nanunua kwa kilo, kwa hiyo gunia langu la kilo 100 namlipa mkulima shilingi 60,000. Anakuja mwenzangu na kamba zake, anasema, "Mimi natoa 70,000 kwa gunia." Mkulima anaona huyo ndiye mwema, na mimi ni mchoyo niliyevaa rozeti ya kwaya. Lakini gunia la mwenzangu lina kilo 140, na kwa bei ile ile lilipaswa kulipwa shilingi 84,000. Mkulima ameacha shilingi 14,000 kwenye gunia moja, na bado anamshukuru mnunuzi na kumpa kabichi ya kwenda nayo nyumbani. Zidisha kwa magunia 80, uone ni bati ngapi zimeondoka na lori.

Wafanyabiashara wenzangu watasema sielezi upande wao, basi nauleza. Gharama karibu zote kwenye biashara hii zinahesabiwa kwa gunia. Nauli ya lori ni kwa gunia. Kupakia na kushusha ni kwa gunia. Ushuru mara nyingi unakadiriwa kwa gunia. Dalali wa sokoni anachukua chake kwa gunia. Ukiweza kuingiza kilo 140 mahali pa kilo 100, umekwepa vitu vinne kwa sindano moja ya kushonea. Halafu sokoni mnunuzi wa jumla anatazama kwa macho tu, gunia refu analikimbilia, fupi analiruka. Dalali wangu wa Mabibo amenipigia simu mara nyingi: "Mama, mzigo wako mzuri ila gunia zako fupi, zinanitia aibu." Kwa hiyo najua kinachowasukuma watu. Mimi mwenyewe kinanisukuma kila msimu.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni barabarani. Lori hilo likiondoka Mbeya linapimwa Makambako, linapimwa Wenda, linapimwa Mikumi, linapimwa Vigwaza, na likizidisha uzito mwenye lori anatozwa. Barabara ya lami ina mizani njia nzima kuilinda isionewe. Mkulima wa Isyonje aliyepanda, akapalilia, akapuliza dawa ya ukungu kwenye baridi ile, viazi vyake vinanunuliwa bila kugusa mizani hata mara moja.

Sasa nirudi kanisani, maana ndiko ninakotaka barua hii ifike. Tuna Sikukuu ya Mavuno. Ni siku ninayoipenda. Watu wanaleta mahindi, ndizi, kuku, viazi, maboga, na ibada ikiisha tunafanya mnada pale uwanjani: mkungu wa ndizi unauzwa, aliyeununua anaurudisha, unauzwa tena, watu wanacheka, kanisa linapata fedha. Mwaka mmoja mfanyabiashara mwenzetu alitoa magunia ya viazi, na yote yalikuwa lumbesa. Tulipiga makofi na vigelegele. Nilikuwa nimesimama karibu na mama mmoja mkulima aliyekuwa akiyatazama magunia yale kwa makini kuliko sisi wengine. Sikumwuliza anawaza nini, maana nilijua viazi vya aina ya arika msimu ule mwenzetu alivinunua upande wa kwao.

Nabii Amosi alikutana na watu wa namna yetu. Sura ya nane inasema walikuwa wakihesabu sabato itaisha lini ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, na kuwadanganya watu kwa mizani. Angalia kwamba hakuna mahali nabii aliposema watu wale walikuwa hawahudhurii ibada. Walihudhuria. Walikaa mpaka baraka ya mwisho. Na Mithali 11:1 haina fumbo lolote: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Nimeimba kwenye mikutano mingi ya injili na nimesikia mahubiri juu ya pombe, juu ya wanawake kuvaa suruali, juu ya fungu la kumi. Hilo la mizani nimelisikia likihubiriwa mara chache mno, na sisi tunaishi katikati ya mashamba.

Dada mmoja tunayeimba naye, mwenye biashara kubwa kuliko yangu, nilimweleza haya tukiwa tunasubiri mazoezi ya kwaya yaanze. Alinisikiliza kwa upole, akanishika bega. "Dada, wewe ukitaka kwenda mbinguni na viazi vyako nenda. Sisi tunavipeleka Dar es Salaam." Nilicheka, na nilistahili. Ni mtu mwema, nilipofiwa alilala kwangu. Anafunga na kuomba kuliko mimi. Lakini kwake yeye maombi ni ya kupewa nguvu ya kufanya biashara, na jinsi biashara inavyofanywa ni mambo ya sokoni, hayamhusu Mungu. Nadhani wengi wetu ndivyo tulivyo, na wala hatukukaa tukaamua hivyo, tumekuta watu wanafanya.

Wala nisiwatakase wakulima kupita kiasi. Nimefungua magunia yenye viazi vikubwa vya kupendeza juu na chini, na tumboni mwake vile vidogo vya kulishia nguruwe. Nimekuta udongo, nimekuta mawe. Wengine waliofungasha hivyo ni wazee wa kanisa, tunasalimiana "Bwana Yesu asifiwe" huku yeye anajua kilichomo tumboni mwa gunia na mimi bado sijui. Na mama wa rejareja kule mjini anayenunua mzigo wetu naye ana sado lake, kopo la kupimia, lililobonyezwa kitako. Mnyororo mzima tunapunjana kwa zamu, na kila mmoja wetu asubuhi ameomba Mungu ambariki.

Kuna mtu mmoja kwenye mnyororo huu hana wa kumpunja, naye ni kijana wa kupakia. Analipwa kwa gunia. Gunia likiwa na kilo 100 analipwa ile ile, likiwa na 140 analipwa ile ile. Nimewaona wakiinuka na lumbesa mgongoni, wanapanda ubao wa lori magoti yakitetemeka. Jumapili kijana huyo huyo yuko kwenye mstari wa kuombewa mgongo. Mchungaji anamwekea mikono, sisi tunaimba pole pole. Aliyemjazia gunia yuko kiti cha tatu kutoka mbele, anasema amina kwa sauti kubwa.

Msomaji wako aliuliza, basi mtu aombe saa ngapi kama si saa za kazi? Swali zuri. Mimi mwalimu wangu katika hilo ni Nehemia, aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Alikuwa kazini, amesimama na divai. Mfalme akamwuliza, una haja gani? Biblia inasema Nehemia akamwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Hebu lifikirie ombi lile. Halikuwa na pambio la kufungulia. Mfalme hakusubirishwa, pengine hata hakujua kwamba mtu ameomba mbele yake. Ni kweli Nehemia alikuwa ameshafunga na kulia siku nyingi huko nyuma, ombi lile fupi lilikuwa na mizizi. Lakini aliliomba katikati ya swali na jibu, akiwa na kazi mkononi, na lilikuwa kwa ajili ya lile jibu.

Ndivyo ninavyojaribu. Asubuhi nyumbani nasoma fungu la siku, kama bibi yangu alivyotuzoesha. Desturi hiyo Wamoravian waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: Bwana Zinzendorf, kiongozi wao, alitoa neno moja la Maandiko jioni, na kesho yake likapitishwa nyumba kwa nyumba liwe la kushika siku hiyo. Wakazi wengi wa kijiji kile walikuwa mafundi wa mikono. Hata wamisionari wao wawili wa kwanza, waliotumwa kisiwa cha St. Thomas mwaka 1732, mmoja alikuwa mfinyanzi na mwingine seremala. Waliofika kwetu Rungwe mwaka 1891 walikuja na Biblia na vifaa vya kazi. Kwa hiyo mtu akiniambia imani na kazi ni vyumba viwili, namwambia aliyetuletea imani hakujua hivyo vyumba.

Halafu nikiwa shambani, mizani imening'inizwa kwenye mti na gunia linabembea, naomba kwa maneno machache, macho wazi. Siombi bei. Naomba nisome namba iliyopo. Asiyewahi kununua mazao kwa mizani hajui ni rahisi kiasi gani kuligusa gunia kwa goti, au kuisoma 97 kama 94 wakati mkulima hajavaa miwani. Sekunde mbili tu. Hapo ndipo ninapomhitaji Mungu, kuliko hata Kitonga.

Dereva ninayefanya naye kazi ni Mwislamu, kijana wa Tanga. Muda wa swala ukifika akiwa safarini anaegesha mahali salama, anatawadha kwa maji ya kidumu, anaswali pembeni ya lori, dakika chache, safari inaendelea. Hajawahi kunichelewesha mzigo. Nilipomsimulia ile habari ya Amosi aliniambia kwenye Kurani kuna sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo: wakijipimia kwa watu wanachukua kamili, wakiwapimia watu wanapunguza. "Mama, nyie mmeambiwa na sisi tumeambiwa," akasema. "Tatizo lumbesa haijui kusoma."

Lakini Mhariri, kuna mambo ambayo hata mizani haiwezi kuyamaliza, na hapo ndipo nimejifunza zaidi. Msimu mmoja nilifuatwa na mama mmoja wa huko juu. Mtoto wake alikuwa amepewa rufaa kwenda hospitali kubwa, na fedha hakuwa nazo. Akataka kuniuzia viazi vikiwa bado ardhini, shamba zima, siku ile ile. Akataja bei mwenyewe. Ilikuwa bei ya kutupa. Nami nilikuwa na fedha mkobani, na kila kitu kilikuwa halali: hakuna mizani iliyochezewa, hakuna lumbesa, mtu mzima ametaja bei yake na shahidi yupo. Wakala wa Vipimo wangekuja hapo wasingeona kosa. Kijana niliyekuwa naye alinikonyeza, maana yake, Mungu amejibu.

Nilimwomba tuingie shambani kwanza. Nikainama kama mtu anayekagua, nikang'oa shina moja, na hapo chini nikaomba. Sikusikia sauti. Lililonijia ni lile la Yakobo, la mtu anayemwambia ndugu yake asiye na nguo wala riziki, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," asimpe kitu. Nikawaza, huyu mama nikishikana naye mikono hapa tumwombee mtoto, halafu nikachukua shamba lake kwa bei ya hofu, nitakuwa nimeomba nini?

Tukachimba mashina machache pembe tofauti za shamba, tukayapima, tukahesabu mistari, tukazidisha na kupunguza kidogo kwa ajili ya kuoza. Tukapata makisio. Nikampa sehemu ya fedha siku hiyo, ya kutosha safari na kuanzia matibabu, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba viazi vikikomaa vitapimwa, na nitammalizia kwa bei ya kilo itakayokuwepo. Baada ya hapo ndipo tukamwombea mtoto, maana alitaka, na mimi nilitaka. Mtoto alipona, kwa kazi ya madaktari na rehema za Mungu. Faida yangu kwenye shamba lile ilikuwa kiduchu, na bei ya Mabibo wiki ile ilishuka. Nalisema hili kwa sababu ushuhuda kanisani siku hizi lazima umalizikie kwenye gari jipya. Mimi sikupata gari. Nilipata kero ya kupanda mlima mara mbili.

Na ndiyo maana siwaambii watu kwamba ukiwa mwaminifu utatajirika. Nimepoteza wateja. Kuna vijiji ambavyo mwaka fulani waliniambia nisirudi na mizani yangu kwa sababu mwenye lumbesa analipa fedha kubwa kwa "gunia". Ilinibidi kukaa chini na akina mama, tukaandika mavumbini, 140 mara 600, mpaka binti mmoja wa sekondari akawasomea jibu kwa simu. Wengine walielewa. Wengine walielewa lakini walihitaji fedha jioni ile, na mwenye lumbesa alikuwa na fedha jioni ile. Kwa upande wa mjini nimepata wanunuzi wachache wa kudumu, hasa wenye migahawa, ambao wanajua gunia langu likiandikwa 100 ni 100 na tumboni hakuna kokoto. Biashara haijafa. Haijanenepa pia.

Kuna watakaosema, kama ni hivyo basi Mkristo aachane na biashara ya mazao, ina dhambi nyingi. Nayo sikubaliani nayo. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wakaimbe. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Maneno ya mahali pa kazi kabisa, ambayo kila aliyeuliza aliweza kuyaanza kesho yake asubuhi. Natamani wachungaji wetu wangetujibu hivyo. Anayeuza nyama aambiwe kuhusu mifupa. Fundi cherehani aambiwe kuhusu kitambaa cha mteja kinachobaki. Mwalimu aambiwe kuhusu masomo ya ziada ya kulipia yanayofundisha kile alichokificha darasani. Bodaboda, muuguzi, karani, kila mmoja ana lumbesa yake, na yeye mwenyewe anaijua ilipo.

Wachungaji wengi wanatufahamu Jumapili tukiwa tumevaa vizuri. Waje na siku ya gulio, saa kumi na moja alfajiri, watukute tukigombana na makuli. Hawana haja ya kuhubiri. Wasimame tu wanunue debe moja la viazi, waone linavyojazwa.

Halafu nina ombi la pili, la vitendo, na hili naomba usilikate hata kama barua imekuwa ndefu. Makanisa ya vijijini kwenye maeneo ya mazao yanunue mizani. Kila usharika mizani moja nzuri ya kuning'iniza, ipelekwe ikahakikiwe na Wakala wa Vipimo, igongwe muhuri kila mwaka kama sheria inavyotaka, iwekwe mahali ambapo mkulima yeyote, awe Mmoravian, Mlutheri, Mkatoliki, Mwislamu au asiye na dini, anaweza kupima mzigo wake kabla mnunuzi hajafika. Mkulima anayejua kilo zake ni vigumu kumshonea kilemba. Tusisubiri serikali peke yake. Wakala huo upo tangu mwaka 2002 na maofisa wake hawawezi kusimama kwenye kila shamba. Sisi tupo kwenye kila kijiji, tuna kengele, tuna majengo yenye kufuli, tuna wahazini wanaojua kuandika kitabu. Na fedha zipo, kwa sababu kila mwaka zinatoka kwenye mnada wa mavuno, ambayo ni mazao yale yale.

Hoja hiyo nimeshaipeleka kwenye baraza la wazee la usharika wetu. Wazee wengi wameipokea vizuri, na mmoja ambaye naye ni mnunuzi wa viazi aliuliza maswali mengi kuliko kawaida yake. Kamati ya ujenzi inasema vigae vya madhabahuni vitangulie, mizani ifuate mwakani fedha zikibaki. Kikao kijacho ni mwezi ujao, na nimemwomba katibu aandike jina langu liwe la kwanza kwenye orodha ya wachangiaji wa hoja. Nakala ya gazeti, kama barua hii itatoka, nitakwenda nayo.

Wako katika kazi,

Mama muuza viazi,
Uyole, Mbeya.